Mbegu Zinazolipuka

Mbegu za mahindi hazilipuki. Kapteni Bounthavy wa polisi ya Vientiane alikuwa mtoto wa mkulima na hilo alilijua vizuri. Hata hivyo, asubuhi ile alisimama katika nyumba iliyopoteza paa, akimsikiliza Bwana Harlan akieleza kwamba chumba kilicholipuka kilikuwa ghala la mbegu.

"Mbegu gani hizo, Bwana Harlan, zimerusha mabati hadi uwanja wa hekalu?"

"Mahindi," alijibu Mmarekani bila kupepesa macho. "Tulikuwa uwanja wa ndege, bahati nzuri. Hii ni roketi ya adui, Kapteni. Waulize Warusi."

Warusi hawakungoja kuulizwa. Walipiga simu kituoni moshi haujatulia, kusema si wao. Bounthavy alikuwa amewachoka wote. Mwaka wa tatu huu tangu mataifa makubwa yatie saini kwamba Laos haina upande na askari wa kigeni hatakanyaga ardhi yake, na tangu hapo mji umejaa wageni wa nywele fupi na migongo iliyonyooka, wanaojiita wapima ardhi, waganga wa mifugo na washauri wa kilimo. Kila kukicha yeye kiguu na njia kati ya balozi, akidanganywa kwa adabu.

Aliinama, akachomoa kwenye majivu kipande cha mwanzi kilichoungua ncha. Alipokwenda kunawa alipandisha nyuzi nyeupe zilizomkaa mikononi. Jana jioni mtaa mzima ulifungwa nyuzi za baraka hekaluni. Hazikatwi kwa kisu; zikitimiza siku tatu hufunguliwa kwa vidole, na hazitupwi chini kama takataka.

"Hii ni roketi ya sherehe," alisema. "Kila Mei tunazirusha juu kuomba mvua. Adui gani anapigana kwa mianzi?"

Kabla hajajibiwa, Kanali Phoumsanit wa jeshi aliingia, nyuma yake askari wawili wamemshika Loc, Mvietnamu anayetengeneza pikipiki kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba hiyo.

"Kesi imekwisha," Kanali alisema. "Mvietnamu, jirani, mikono myeusi. Saa kumi nampeleka kambini."

Waliopelekwa kambini hawakuwa na desturi ya kurudi. Loc alijua hilo.

"Loc, nyoosha mikono," alisema Kapteni. Aliigeuza juu na chini. "Anayewasha roketi ya mwanzi hurukiwa na cheche, Kanali. Mimi nina kovu tangu utotoni. Huyu hata vinyweleo havijaungua."

"Ana mikono myeusi."

"Ni fundi pikipiki. Ingekuwa myeupe ndipo ningemshuku."

"Saa kumi, Kapteni. Uwe na mtu mwingine, au huyuhuyu."

Katika shamba la mpunga lililokauka nyuma ya hekalu, Bounthavy alikuta ngazi ya magogo ya kurushia roketi, nyasi zimeungua chini yake. Ngazi hizo husimamishwa zikielekea mawinguni. Hii ilikuwa imelazwa, na alipofumba jicho moja akaifuata kwa lile lingine, iliishia palepale palipokuwa na paa la Harlan. Roketi za mianzi huenda zinakotaka zenyewe. Mtaani mtu mmoja tu alijua kuzitia adabu.

Mtu huyo, Mzee Khamtan, alimkaribisha barazani kwa maji ya kunywa. Joto la Mei lilikuwa la kuvunja miti, lakini mzee alivaa shati la mikono mirefu. Alipompa bilauri kwa mikono miwili, nyuzi zilionekana zimesongamana mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa na hata uzi.

"Jana nilikaa nyuma yako hekaluni, mzee. Walikufunga mikono yote miwili."

"Zimefunguka."

"Baada ya usiku mmoja?"

Bounthavy alitupa macho kwenye uwanja wa mbele, penye kijumba cha sadaka za mizimu kilichosimama juu ya nguzo moja. Kati ya maua na wali wa sadaka kulikuwa na kifundo cha nyuzi. Alikiendea. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, zimeungua, lakini hakuna uzi uliokatwa.

"Ungezitia jikoni zikaisha," alisema, kama mwenye hasira. "Mzee mzima, unaniachia ushahidi mbele ya nyumba!"

"Nichome baraka? Wewe ungechoma?"

Kapteni alirudi barazani. Alikaa.

"Mwanangu Sivilay alikuwa mtu wa redio wa hao Wamarekani, kaskazini," mzee alisema. "Hakuna barua, hakuna maiti. Nilimwendea Harlan, akasema yeye ni mtu wa mbegu, hana askari. Nikamwendea Kanali, akasema hakuna vita. Basi mwanangu kafia wapi, sokoni? Nilingoja gari lao liondoke. Nilitaka paa litoboke, watu waone mna nini mle. Mabomu sikuyajua."

"Kuna mtu atachukuliwa kwa ajili yako saa kumi. Loc."

Mzee alisimama, akatafuta viatu vyake.

Saa tisa na nusu wote walikuwa ofisini kwa Kapteni, Loc bado kafungwa pingu. Bounthavy aliweka mezani mwanzi na nyuzi, akaeleza kila kitu, na sababu.

"Nimefanya mimi," alisema Mzee Khamtan. "Nipelekeni mahakamani."

"Vizuri," alisema Kapteni. "Hakimu atauliza kililipuka nini. Halafu atauliza Sivilay alikuwa nani."

Harlan alimtazama Kanali. Kanali alitazama dari. Kwa mara ya kwanza siku nzima wakakubaliana.

"Ajali ya sherehe," alisema Harlan. "Hakuna kosa."

"Ajali," alisema Kanali, akafungua pingu za Loc mwenyewe.

"Hapana," mzee alisema. "Andika nimefanya. Andika na jina la mwanangu."

"Nikiandika hivyo, baba, Kanali hatakubali jina hilo lifike mahakamani; Loc anarudi kwenye pingu."

Mzee alimwangalia yule fundi kijana, aliyekuwa akijisugua vifundo vya mikono.

"Na huyu ana wazazi," alisema. "Haya. Andika ajali."

Bounthavy alishika kalamu, kisha akailaza mezani. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Siandiki herufi mpaka Bwana Harlan amwambie mzee huyu mwanawe yuko wapi. Hapa, kwa mdomo. Vinginevyo twende kwa hakimu."

Harlan alipoanza kusema, sauti haikuwa ile ya mahindi.

"Kiwanja cha ndege cha Phou Lek. Upande wa msituni, chini ya mlonge. Nilimzika mimi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini."

"Kumi na tisa," alisema mzee.

Kapteni aliandika mstari wake mmoja, akagonga muhuri. Kisha akamrudishia Mzee Khamtan nyuzi zake, kwa kuwa kosa lisilotokea halina ushahidi. Mzee alizifunga kwenye kitambaa taratibu, akauliza basi la kwenda kaskazini huondoka saa ngapi.