Mlinzi wa Kompyuta ya Marehemu

Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa ya nyumba mshonaji alipofunika cherehani yake, akajitupia mtandio na kutoka kwenda kununua antivairasi, programu ya kuilinda kompyuta ya nyumbani.

Alikuwa na haraka. Mama mkwe wake alikuwa kipofu, na kwake usiku haukuingia kwa macho, uliingia kwa sikio. Kila jioni kompyuta ya sebuleni ilipomaliza kujikagua, spika zake zilitoa sauti ya marehemu:

"Nyumba iko salama, mama. Pumzika."

Marehemu alikuwa mume wa mshonaji, na mwana pekee wa yule bibi. Enzi za uhai wake aliirekodi sauti ile kwa mzaha, akaiunganisha na antivairasi, ili mama yake aache kuuliza kila mara kama mlango umefungwa. Mzaha ukabaki, mwenyewe akatangulia mbele za haki. Tangu hapo bibi hakupata usingizi bila kuisikia. Na sasa muda wa antivairasi ile ulikuwa umekwisha, virusi vimeingia, sauti imeanza kukwama. "Nyumba iko sa... sa... sa..."

"Mashine yenu inakohoa kunishinda," bibi alitania, akigonga fimbo yake sakafuni. "Mkwe wangu, mtafutie mwanangu dawa. Asinifie mara ya pili."

Fundi wa kompyuta, waliyembandika jina la Dokta Waya, mshonaji alimkuta dukani kwake akitafuna karanga juu ya mashine iliyopasuliwa tumbo.

"Kuna ya bure," fundi alisema, "lakini mlinzi usiyemlipa ujue analipwa na mwingine. Kuna ya wizi, hii wanayopeana kwa flashi. Sasa dada, utamweka mwizi akulindie mlango? Na kuna hii ya boksi."

"Nipe ya boksi. Ila ile ya zamani nayo ibaki, sauti imo humo."

Dokta Waya akaacha kutafuna. "Walinzi wawili hawakai lango moja. Watakabana koo wao kwa wao, mwizi apite katikati. Ya zamani lazima itoke. Ila wewe usiguse kitu! Kesho nakuja mwenyewe. Naitoa sauti kwanza, naiweka pembeni, ndipo tunamstaafisha mzee na kumwajiri kijana. Boksi hili usilifungue."

"Silifungui."

"Na kioo cha kompyuta kikikuuliza swali, usijibu. Nakujua. Wewe ni mtu wa Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo."

Mshonaji akacheka, maana ukweli ulikuwa umempata. Kioo kikiuliza lolote, yeye hubonyeza Ndiyo kimwondokee macho aendelee na kazi zake. Na ni nani kati yetu asiyefanya hivyo? Mola atusamehe, tunakubali mengi tusiyoyasoma.

Alirudi mwanga ukiwa umebaki kidogo tu dirishani. Akatundika mkoba kwenye msumari wa mlangoni, boksi likiwa ndani yake. Kutoka chumba cha nyuma alimsikia bibi akisali taratibu, kama kawaida yake ya jioni.

Halafu akasikia harufu.

Harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Akaiwahi pasi, akaigusa. Ya baridi. Wala haikuwa imechomekwa.

Alipogeuka, aliona kompyuta inawaka. Hakukumbuka kuiwasha. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi meupe:

MLINZI MPYA AMEFIKA. WA ZAMANI AONDOKE? SAUTI ITAHIFADHIWA.

Moyo wake ukatulia. Ni Dokta Waya huyu, alijiambia. Fundi yule alishawahi kumtengenezea mashine akiwa kule kule dukani kwake, kupitia intaneti, kipanya kikitembea chenyewe kama panya wa kweli. Kumbe ameamua kumaliza kazi leo leo. Tena sauti ameikumbuka. Mungu ambariki.

Akabonyeza Ndiyo.

Kioo kikawa cheusi... Feni ya mashine ikavuma, ikapanda, ikanyamaza. Kisha spika zikapumua. Hakuna neno lingine la kusema, zilipumua.

"Nyumba iko salama, mama."

Safi. Haikwami. Safi kuliko siku ilipopigwa mara ya kwanza, kama mtu aliyekaa kwenye kiti pale pale.

"Mwanangu!" bibi aliita kutoka nyuma, akicheka na kulia kwa pamoja. "Amepona! Mkwe wangu, amepona!"

Mshonaji naye machozi yakamlengalenga. Akangoja lile neno la mwisho. *Pumzika.*

Halikuja.

"Iko salama," sauti ilisema. "Isipokuwa chumba kimoja."

Mumewe hakuwahi kurekodi maneno hayo.

Maandishi yakaanza kushuka kiooni, mstari baada ya mstari. Sebule: salama. Cherehani: salama. Jiko: salama. Mshonaji akakishika kipanya, akakisukuma huku na huku. Mshale haukutikisika. Harufu ya kuungua ikazidi.

CHUMBA CHA NYUMA: SAUTI ISIYOTAMBULIKA. IONDOLEWE?

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kiliandikwa Ndiyo. Cha pili... Ndiyo.

"Mkwe wangu," bibi aliita, sasa kwa sauti ya chini. "Mbona mwanangu ananiuliza mimi ni nani?"

"Usimjibu, mama! Nyamaza, usimjibu!"

Bibi akairudia sala yake. Mshonaji akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika. Akachomoa na wa spika. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa, akaapa kwa Mola wake kwamba safari hii habonyezi kitu.

Kioo kikamngoja. Kisha kikaandika:

UKIMYA UMEPOKEWA KUWA NDIYO.

Sala ya bibi ikakatika katikati ya neno. Haikufifia. Ilikatwa, kama uzi unavyokatwa kwa mkasi.

Alimkuta kitandani, ameketi wima, fimbo mapajani. Midomo inakwenda. Kifua kinapanda na kushuka.

Hakuna kilichotoka.

Hospitali walisema ni kiharusi, humpata mtu wa umri wake hata akiwa anaongea. Koo lenyewe ni zima, alisema daktari, tumwombe Mungu. Dokta Waya alikuja kama alivyoahidi, akasikiliza yote bila kutafuna chochote. Akauendea mkoba, akatoa boksi. Lilikuwa bado na karatasi yake ya nailoni, halijaguswa.

"Mimi jana sikuigusa mashine yako, dada," alinong'ona. "Nilifunga duka ulipoondoka tu."

"Sasa nilimruhusu nani?"

Akaipekua kompyuta kutwa nzima. Hakukuta antivairasi ya zamani wala mpya. Hakukuta virusi. Sauti ya marehemu haikuwemo. "Mashine safi kama sahani iliyorambwa," alisema, akafunga begi lake la vifaa haraka kuliko alivyolifungua. "Itupe tu."

Aitupe? Kama ni kiharusi, anatupa chuma kisicho na kosa. Na kama si kiharusi, je, kilichochukuliwa si kimo humo humo ndani?

Basi imekaa pale pale sebuleni, imefunikwa kanga, waya wake umezungushwa kwenye msumari. Na kila jioni, mwanga ukibaki kidogo dirishani, harufu ya kitambaa kinachoungua huja kwanza. Kisha mwanga mweupe huonekana chini ya kanga. Mshonaji hujikuta ameifunua.

SAUTI ILIYOFUNGIWA INAOMBA KUTOKA. IRUHUSIWE?

Na kutoka kwenye spika zisizo na waya, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima:

"Hodi... Mkwe wangu, ni mimi. Kuna giza huku. Nifungulie."

Ni sauti ya bibi yenyewe, hata kikohozi chake. Mara hii kuna Ndiyo, na kuna Hapana, na mshale unatii mkono. Mshonaji huweka vidole juu ya kipanya, kisha huviondoa. Humwomba Mungu amwonyeshe. Husoma maneno yale tena na tena, yeye ambaye hakuwahi kusoma.

Kutoka chumba cha nyuma fimbo huanza kugonga sakafuni. Ko. Ko. Ko. Akigeuka humwona bibi mlangoni, amejikokota mwenyewe, macho yake meupe yamekielekea kioo. Midomo imefumbwa.

Anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

Au pengine ni kiharusi tu kinachomtikisa.

"Mkwe wangu," spika zinasema. "Usimwangalie huyo."