Godoro la Mteja Mgumu

Ukumbi wa mapokezi wa kampuni ya magodoro ulikuwa na viti vichache na waombaji kazi tele, wote wamebana bahasha zao kwapani. Kiti kimoja kilikuwa kimekaliwa na koti. Binti wa gauni la bluu, aliyevaa viatu vya kuazima vilivyomfinya vidole, alilitazama lile koti, akalikunja vizuri, akalipakata, akaketi.

"Hilo koti lina mwenyewe," sauti ilisema juu yake.

"Najua. Ndiyo maana nimelikunja."

Mwenye koti alikuwa kijana mrefu mwenye tai ya madoa ya njano, tai mbaya kuliko zote mle ndani. Badala ya kukasirika, alitabasamu.

"Dada, umekuja kuomba kazi ya kuuza au ya kunyang'anya?"

"Ya kuuza. Na wewe kama ni muuzaji kweli, niuzie sababu ya kusimama."

Alijaribu. Alidai mgongo unamuuma, akadai amewahi kufika, akadai mama yake mzazi atasikitika. Binti hakuinuka. Hadi jina la binti lilipoitwa, kijana alikuwa ameshambandika jina la Mkaidi, naye ameshamwita Bwana Tai, na namba za simu wamepeana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chini kabisa, muuzaji wa dukani, lakini kwa usaili ule ungedhani wanatafuta waziri. Waliandikishwa mtihani. Wakakalishwa kwa makundi wabishane mbele ya wakubwa. Kisha wakasimamishwa juani sokoni kutwa nzima na kipande cha sponji mkononi, wamsemeshe kila mpita njia. Kila hatua watu walipukutika, na hawa wawili wakabaki.

Jioni walifanya mazoezi kwa simu. Mmoja muuzaji, mwingine mteja mgumu.

"Godoro lako ghali, binti," Bwana Tai angesema kwa sauti ya babu mwenye gubu.

"Ghali kuliko mgongo wako, mzee wangu?"

"Mgongo wangu nilipewa bure."

"Basi na fundi wa kuunyoosha naye atakuja bure?"

"Mpenzi, hapo umenimaliza."

"Mpenzi wa nani? Nunua kwanza."

Binti alikata simu huku anacheka peke yake. Alikuwa akilala kwenye kochi la kaka yake, sebuleni, na wifi yake hakuacha kumkumbusha ni kochi la nani.

"Mdomo huo hautakupa kazi, wala mume," wifi alimwambia jioni moja kabla ya usaili wa mwisho. "Ukiikosa hii, utafute pa kwenda."

"Nitaipata. Na kochi lako nitakuachia, pamoja na shimo lake."

Usiku ule alimsimulia Bwana Tai yote, kwa hasira, bila chozi. Safari hii Bwana Tai hakutania, alimuuliza tu kama ana pengine pa kwenda.

Kesho yake walikuwa wawili tu, na nafasi ilikuwa moja. Meneja, mama wa makamo mwenye miwani kwenye ncha ya pua, aliwaeleza utaratibu. Mmoja auze, mwingine awe mteja. Mteja akinunua, muuzaji kapata kazi. Asiponunua, kazi ni ya mteja. Sarafu ikarushwa, kuuza kukamwangukia binti.

"Karibu, kaka," alianza. "Nyumbani unalalia nini sasa hivi?"

"Nalinunua," alisema Bwana Tai.

"Hujaijua bei."

"Yoyote."

"Hata kulibonyeza hujalibonyeza."

"Nimelipenda."

Karani aliyeketi karibu na meneja alipiga makofi. Binti alihisi uso ukimchoma. Aliyatazama macho ya yule kijana akaona huruma tupu, na kuishi kwa huruma ya watu kulikuwa kumemtosha kule kochini.

"Mama, hili sijaliuza," alisema. "Nimepewa sadaka."

"Utaratibu ni huo, binti yangu. Kazi umepata. Unaitaka au huitaki?"

"Naitaka kuliko mnavyojua. Lakini siichukui hivi. Simama wewe, mama, uwe mteja. Usiponunua, mpeni yeye."

Karani alikohoa. Meneja alivua miwani, akasimama, na kumbe ndiye alikuwa mteja mgumu hasa. Bei hakuitaka, rangi hakuipenda, sponji ilimnukia. "Halafu nyumbani ninalo zuri," alimalizia, "jingine la nini?"

Binti akaacha kulisifia godoro.

"Mama, mwenye godoro zuri hashiki kiuno kila anapoinuka. Siku ya makundi ulikishika. Hata sasa hivi umekishika."

Meneja aliutazama mkono wake mwenyewe, ulikuwa kiunoni kweli. Akacheka mpaka akaketi.

"Nitajie bei," alisema.

Bwana Tai alimngojea koridoni. "Hongera, Mkaidi."

"Usiniite hivyo. Uliniona siwezi."

"Niliona una shida, mpenzi, nikataka..."

"Shida yangu nilikuambia uisikie. Sikukuambia uilipie."

Akaondoka akichechemea ndani ya viatu vya watu. Simu za Bwana Tai hakuzipokea. Alianza kazi, akapanga chumba chake, akalala sakafuni kwenye mkeka wake mwenyewe na akaridhika. Jioni tu ndiyo ilimshinda. Alimkumbuka yule babu mwenye gubu wa kwenye simu, akajichukia kwa kumkumbuka.

Jumamosi moja duka limejaa, ile tai ya madoa ya njano ikaingia mlangoni. Moyo ulimruka, lakini uso akaukaza.

"Karibu, kaka. Nyumbani unalalia nini sasa hivi?"

"Majuto."

"Hayo dukani kwetu hatuna. Tuna magodoro."

Basi kijana akaanza. Alibonyeza kila godoro, akanusa kila kona, akasema duka la jirani bei ni nafuu, akauliza likibonyea baada ya mwezi atamlilia nani. Binti alimjibu moja baada ya jingine, mpaka wateja wengine wakaacha shughuli zao na kusikiliza.

"Siku ile nilidhani nakupa kazi," kijana alisema kwa sauti ya chini, "kumbe nakupora. Mimi nimeshapata pengine, nauza rangi. Leo nimekuja kuuziwa kihalali."

"Saizi gani?" binti aliuliza.

"Chumba kidogo, la mtu mmoja lingenitosha. Ila nataka kuoa."

"Huyo mwenyewe amekubali?"

"Sijamuuliza. Ni mkaidi, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kumuuliza."

"Nataka nikuoe wewe. Utakubali?"

Binti aligeuka, akavuta godoro pana kutoka ukutani, akalilaza miguuni pa mteja wake.

"Hili ni la watu wawili," alisema. "Bei haipungui, na upande wa ukutani ni wangu."