Mgeni Aliyesema Atarudi

Mambo haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata Chengye, kaka yangu wa tumbo moja, na mwisho wake niliuona kwa macho haya.

Kaka alikuwa mchuuzi wa pilipili kavu. Alizitoa kwetu Tianshui, mkoani Gansu, China, akapanda treni kwenda kusini, kutafuta wateja kwenye mikahawa ya watu wanaotia sukari hata kwenye samaki.

"Unauzia nyoka viatu," nilimtania.

"Nyoka naye ipo siku atachoka kutambaa," alinijibu.

Siku yenyewe alikuwa katika mji mdogo wa kusini karibu na Huzhou. Ilikuwa adhuhuri, mvua ya rasharasha, na mkahawa uliokuwa wazi ni mmoja tu. Ndani watu walijaa, wakila kimya kimya. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aitwaye Fei Suyun, alilitazama begi lake lililolowa.

"Leo hatuuzi," alimwambia. "Lakini mwenye njaa hafukuzwi. Kaa ule."

Alimpa meza ya pembeni. Zikaja tofu, vile vipande laini vya soya: tofu za mchuzi, tofu za kukaanga, tofu na uyoga. Kando yake alikaa mzee mwenye koti la buluu, ambaye hakula chochote. Kazi yake ilikuwa kumsogezea kaka mabakuli.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Gansu, mzee."

"Utarudi lini?"

Hapo ndipo palipomponza. Kaka alikuwa na donda lake. Miaka miwili nyuma baba yetu aliugua, na kila wiki Chengye alimwambia kwenye simu, narudi, baba. Baba alikata roho akiniuliza treni inafika saa ngapi. Basi mzee mwingine alipouliza swali lile lile, kaka aliinamisha kichwa na kumjibu kwa adabu zote.

"Nitarudi, mzee. Nakuahidi."

Mkahawa mzima ukaacha kutafuna. Suyun alimjia, upawa bado mkononi.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

"Na mzee huyu."

Kiti kilikuwa kitupu.

"Haya ni matanga," alisema Suyun. "Mwili wa baba yangu tumetoka kuuchoma asubuhi hii."

Vitambaa vyeupe vya msiba walikuwa wameshavivua, kaka angejuaje? Na hata watoto wa kwetu wanajua kwamba matangani hakuna kwaheri ya kuonana. Unakula, unanyanyuka, unakwenda zako bila neno, kwa sababu marehemu akiahidiwa hungoja.

"Mwambie hutarudi," Suyun alimsihi. "Sasa hivi."

Kaka alifungua kinywa. Akakifunga. Alichukua begi lake akaondoka.

Tangu siku hiyo chakula kilimpotezea ladha. Tambi zangu alizitafuna kama karatasi. Alikula pilipili zetu kavu kavu, chozi lisimtoke. Kila adhuhuri aliweka vijiti chini, akatega sikio.

"Ananiuliza," alisema.

"Anauliza nini, kaka?"

"Saa nitakayorudi."

Alikonda hadi mbavu zikaonekana kupitia shati. Nilishamzika baba, sikuwa tayari kuzika na kaka. Nikamshika mkono, tukapanda treni kwenda kwa Suyun.

Suyun alifunga mlango wa mkahawa akatukalisha meza ile ile. Kiti kimoja alikiacha wazi. Aliniambia kwamba ndugu yake wa kiume alikwenda ng'ambo akisema atarudi, na kwa miaka kumi na tisa mzee alikaa pale akiuliza kila msafiri.

"Wote walicheka tu," alisema. "Aliyemjibu ni kaka yako peke yake."

"Kaka, sema," nilimwambia.

Alikuwa analia. "Siwezi, Miao. Nilishamfanyia baba hivyo."

Basi nikasema mimi.

"Mzee, huyu ni wa kwetu. Akitoka hapa hatarudi. Usimngoje tena."

Kiti kikasogea.

Polepole. Namna wazee wanavyonyanyuka, mikono kwanza mezani, halafu magoti. Hakubisha. Hakulia. Aliinuka kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo. Nilisikia miguu ikijiburura kunipita, ikielekea mlangoni. Mlango haukufunguka. Nyayo zikaisha.

Kaka alionja mchuzi aliotuwekea Suyun.

"Una chumvi," alisema, machozi yakimtiririka.

Nilifurahi, sitasema uongo. Na niliona aibu ambayo sijaionapo tena maishani, maana nilikuwa nimemfukuza mzee wa watu kwenye meza ya bintiye.

Pale alipokuwa ameegemea, ukingoni mwa meza, palikuwa na alama za vidole vinane, zimelowa maji. Suyun alizifuta kwa kitambaa. Zikarudi. Akazifuta tena. Mwishowe aliweka vidole vyake juu yazo, kimoja kimoja, akakaa hivyo mpaka tunaondoka. Hatukuagana.

Kaka yu hai, amenenepa, na safari za kusini amezikoma. Mimi humpigia Suyun simu kila sikukuu. Tunaongea habari za mvua na bei ya mboga. Najua fundi ameipiga meza randa mara mbili, na kiangazi chote ilianikwa juani. Kabla sijakata simu huwa namuuliza kama zile alama zimekauka.

"Bado, dada," hunijibu.