Kuhara Kulikoma, Tumbo Likavimba

Kwetu Muganza bomba lilikauka wiki tatu. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakapanda gari lao wakaenda. Sisi tukachota maji ya mfereji wa mpunga.

Binti yangu Mutoni, wa miaka kumi na miwili, akaanza kuhara. Asubuhi moja mara saba. Alijikunja akilia, "Papa, tumbo inanikata!"

Marehemu mke wangu aliacha vidonge. Alikuwa akivimeza tumbo likimkaza. Nikasema, dawa ya tumbo ni dawa ya tumbo. Nikampa Mutoni asubuhi, mchana na jioni.

Maumivu yakapungua. Kuhara kukakoma. Nikajisifu.

Kesho yake tumbo lilivimba, likawa gumu. Mtoto aliwaka homa, akatapika. Sikuelewa. Ameacha kuhara, sasa anaumwa nini?

Jirani yangu, Maman Chloé, mjumbe wa afya wa kijiji, akaingia.

"Papa Mutoni, ulimupa nini huyu mutoto?"

"Dawa ya marehemu. Amepona kuhara, lakini ona tumbo!"

"Hajapona. Matumbo yamelala."

"Hata matumbo sasa yanalala kama bakubwa?"

"Sikia kwanza. Matumbo yanasukuma chakula siku yote. Yakikaza sana, muntu anasikia kukatwa. Hii dawa inayalegeza. Maumivu yanapungua, lakini matumbo yanatembea polepole, choo kinaweza kufunga. Mikrobe, vijidudu vya ugonjwa, haiziui. Zinabaki ndani, na uchafu wote. Aliharisha damu?"

"Kidogo."

"Yo! Kuhara kwa damu ao homa, hapana kumupa hii dawa bila muganga. Ni hatari. Ungemupa maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na lita moja ya maji safi, na ungeniita."

"Basi bakubwa bangetuambia! Kazi yao ni nini?"

"Bakubwa utabasema kesho. Beba mutoto."

Nilimbeba mpaka kituo cha afya. Muganga alimwekea maji kwenye mshipa, akampa dawa ya mikrobe. Vidonge vyangu alivikataza kabisa.

Siku ya pili nilikaa nje ya chumba, kichwa kimevurugika. Mara Mutoni akatoka, akanipita mbio kwenda chooni. Nikapiga makofi.

"Papa Mutoni, unafurahia kuhara?" Chloé, aliyekuja kutuona, akacheka.

"Sijui tena nifurahie nini."

Jioni tumbo lilikuwa laini. Akaomba uji, akamaliza kikombe.

Sasa amerudi shuleni. Kila tone tunalokunywa nalichemsha, na pakiti mbili za ORS ziko juu ya kabati. Dawa ya mtu mmoja simpi tena mwingine. Kichwa changu bado kinakataa kwamba mtoto anaweza kuacha kuhara na ugonjwa ukazidi. Lakini nililiona jambo hilo kwa macho yangu, na mkono uliompa vidonge ulikuwa wangu.