Daftari Halitoki Dukani

Kila siku akitoka shule, Pini hupitia dukani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Hutundika mkoba kwenye msumari, hufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha hupitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizodondoka. Kazi hiyo ya sumaku ndiyo iliyompa jina. Aliianza akiwa na miaka minne, na sasa ana miaka kumi na miwili, lakini hata walimu wake walishalisahau jina lake la kwenye rejista.

Mama yake ni fundi wa nguo, na ana mambo yake. Mafundi wengine mtaani humpima mteja kwa sauti: kiuno arobaini na mbili! Mtaa mzima, pamoja na muuza magazeti, hupata habari. Mama Pini hafanyi hivyo. Huzungusha futikamba, hubana kidole gumba kwenye namba, kisha humwonyesha binti yake. Pini husoma kimya na kuandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu. Pembeni ya vipimo huandikwa maelezo mafupi: huyu hapendi kola ya kubana, yule mguu mmoja ni mfupi kidogo. Wateja walikuwa wameyaona hayo na kuyapenda, ingawa hakuna aliyeyasema. Kuhusu daftari lenyewe kulikuwa na sheria moja tu, nayo ni kwamba daftari halitoki dukani.

Mwalimu mkuu wa shule ya Pini alikuwa mmoja wa wateja hao. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona bila koti, hata jua likiwa kali namna gani. Yeye peke yake alipimwa nyuma ya pazia, na vipimo vyake mama aliviandika kwa mkono wake. Lakini Pini alikuwa ameusoma ukurasa huo. Bega la kushoto la mwalimu lilikuwa limeshuka tangu alipovunjika utotoni, na mama humwekea pedi nene upande huo ili koti likae sawa. Pini hakumwambia mtu, hata rafiki yake wa dawati moja. Kusema kweli, mara mbili ilibidi auume ulimi.

Daftari lilikuwa limezeeka. Kurasa zilichomoka, na mafuta ya cherehani yaliwahi kumwagika juu ya wateja watatu. Mama alikuwa akiligandisha kwa gundi kila baada ya wiki chache, huku akisema atanunua jingine.

Jumamosi moja mama alikwenda kununua vitambaa, akamwachia Pini duka na simu ya dukani ili awajibu wateja. Mteja hakuja. Pini akaanza kuipekua simu, na humo akaona tangazo la programu ya mafundi wa nguo. Ukiingiza vipimo vya mtu, programu inamchora, inamvika nguo na kumzungusha kama mtu aliyesimama mbele ya kioo. Tena ni bure. Neno bure liliandikwa mara tatu kwa herufi kubwa za kijani.

Programu iliomba kuona majina na namba zote zilizomo kwenye simu. Pini akabonyeza ndiyo. Ikaleta ukurasa mrefu wa masharti, maandishi madogo kama sisimizi, na chini kabisa kisanduku kilichosema: "Nimesoma na nimekubali." Pini hakuwa amesoma hata mstari mmoja, lakini alikubali. Alikuwa amesema uongo, ila hakuuhesabu kuwa uongo kwa sababu aliyedanganywa ni simu tu.

Kufikia saa nane mchana alikuwa ameingiza wateja kumi na tisa, vipimo na maelezo yao. Kwa mwalimu mkuu aliandika: bega la kushoto limeshuka, pedi nene. Hapo aliikumbuka sheria, akasita. Kisha akalitazama daftari. Lilikuwa palepale mezani. Halijatoka, alijiambia, na akaendelea. Alipanga kumwonyesha mama siku ya kuzaliwa kwake, wiki tatu mbele, ili amshangaze.

Wiki mbili baadaye dereva wa lori alikuja kufuata suruali zake. Alikuwa mteja mcheshi, na kiuno chake kilikuwa kikiongezeka kila mwaka bila kupumzika. Alisimulia kwamba siku hizi simu yake inamletea ujumbe wa dawa za kupunguza tumbo, asubuhi na jioni. Alidai hata simu sasa imeliona tumbo lake. Mama alicheka. Pini naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati.

Jumanne iliyofuata mwalimu mkuu aliingia dukani. Pini alimwamkia, naye akaitikia bila kumtazama. Alimpa mama simu yake asome. Ujumbe ulisema: "Bega lako la kushoto limeshuka, Mwalimu Mkuu? Usione aibu. Mkanda wetu hulinyoosha kwa siku tisini."

Mwalimu alieleza kwa sauti ya kawaida, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyomuumiza Pini zaidi. Simu ilikuwa mezani kwenye chumba cha walimu. Mwenzake mmoja aliichukua akidhani ni yake, akausoma ujumbe kwa sauti kabla ya kujua ni wa nani. Walimu walicheka kidogo, wakanyamaza, halafu wote wakalitazama bega lake.

"Mama Pini," alisema, "miaka sita nimekuja kwako kwa sababu moja tu. Jambo hili tulilijua wewe na mimi."

"Mwalimu, sijamwambia mtu yeyote. Naapa."

"Basi hii simu imeota?"

Mwalimu akaomba kitambaa chake cha koti jipya, ambacho kilikuwa bado hakijakatwa. Mama alikikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akaondoka nacho.

Mama aliketi kwenye cherehani lakini hakushona. Alianza kujihoji mwenyewe. Je, alilitaja bega la mwalimu siku ile alipoongea na dada wa saluni? Au alilisema mbele ya mteja mwingine bila kujua? Alimuuliza Pini kama amewahi kumsikia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, kwa sababu mitaani fundi mwenye mdomo mwepesi hupoteza wateja mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayemwambia sababu.

Pini alisimama na sumaku mkononi. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na programu angeifuta usiku huohuo. Lakini mama yake alikuwa akijitafutia kosa ambalo hakulifanya, na kumtazama akilitafuta kulikuwa kubaya kuliko adhabu. Akapiga moyo konde.

"Mama, ni mimi."

Akaeleza yote, kuanzia neno bure la kijani hadi siku ya kuzaliwa. Mwishoni, machozi yakimlengalenga, akaongeza: "Lakini daftari halikutoka dukani."

Mama aliweka mkono juu ya daftari.

"Daftari ni karatasi, mwanangu. Karatasi ninanunua nyingine. Niliowakataza kutoka humu ni watu."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaenda mlango wa tatu kwa mjomba wa Pini, fundi wa simu. Mjomba alivaa miwani, akafungua ule ukurasa wa masharti na kuusoma wote mpaka mwisho. Pini hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo. Ilimchukua nusu saa, na katikati alikunywa maji. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: tunaweza kuwapa washirika wetu taarifa unazoingiza.

Pini aliuliza washirika hao ni nani. Mjomba akasema hawakutajwa hapo, na kwamba neno hilo ni pana, linamwingiza yeyote mwenye kitu cha kuuza.

"Lakini ilikuwa bure," Pini alisema.

"Hizi kampuni kubwa zina majengo, zina wahandisi, zina mitambo isiyozimwa," mjomba alijibu. "Zinakula wapi kama kila kitu ni bure? Zinakusanya unachoandika, unachotafuta, mahali ulipo na watu unaojuana nao. Kwa hayo zinaujua mwenendo wako, na wenye matangazo wanalipa ili wakufikie. Nyingine zina uangalifu, nyingine hazina. Utajuaje ipi ni ipi kama hukusoma?"

Mama alitaka kujua ni nani huko aliyemchukia mwalimu kiasi hicho. Mjomba akatikisa kichwa. Hakuna aliyekaa akapanga kumwaibisha mwalimu, alisema. Mashine ilipewa jina, namba ya simu na bega, ikaviunganisha, na muuza mikanda akapata mteja. Pini alisikia hilo likimchoma, kwa sababu aliyeipa mashine vitu hivyo vitatu ni yeye.

Alikuwa akidhani kuiondoa programu kwenye simu kunatosha. Mjomba alimwonyesha kwamba kuiondoa tu kunaacha kila kitu huko kilikokwenda. Kwanza walizima ruhusa ya kuona majina na namba. Halafu waliingia ndani ya programu wakafuta akaunti yenyewe, na mwisho Pini aliandika barua pepe kwa kampuni akitaka vipimo vya wateja kumi na tisa vifutwe. Mjomba alisema nchi nyingi sasa zina sheria inayompa mtu haki ya kudai hivyo. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Kampuni ilisema imefuta kila ilichokuwa nacho, ila kwa yale yaliyokwisha kutolewa, wawaulize washirika. Orodha ya washirika iliambatanishwa. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

Mama aliisoma orodha hiyo, akaikunja. "Hao hatutawamaliza leo," alisema. "Tuanze na wetu kumi na tisa."

Iliwachukua jioni tatu. Mama alimpeleka Pini mlango kwa mlango, lakini msemaji alikuwa Pini. Dereva wa lori alimsamehe kabla hajamaliza sentensi, kisha akauliza kama ile dawa ya tumbo inafanya kazi. Wengi walishangaa, wakauliza wafanye nini, na Pini akawaonyesha jinsi ya kuzuia namba zinazotuma ujumbe huo. Mteja mmoja, mama wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Alifika dukani kesho yake akataka ukurasa wake uchanwe. Mama Pini aliuchana, akampa, na mteja huyo hakurudi tena.

Mwalimu mkuu alibaki wa mwisho. Kwake Pini alikwenda peke yake, ofisini, wakati wa mapumziko. Alieleza yote akiwa amesimama. Mwalimu aliuliza swali moja tu: mama yako alijua? Pini akasema hakujua. Mwalimu akamshukuru na kumwambia arudi darasani. Hakutabasamu wala hakufoka, na Pini alitoka asijue kama amesamehewa.

Siku zilipita. Mama alinunua daftari jipya, na Pini akahamisha kurasa zote kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikafanya sugu. Msumari ambao mwalimu alizoea kutundika koti lake akija kupimwa ulibaki mtupu. Mama hakuuzungumzia, lakini hakutundika kitu kingine hapo.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu mkuu alitokea mlangoni, kitambaa kikiwa kwapani. Hakuketi. Alimwambia mama kwamba alikosea kumshuku, na kwamba amekuja kulisema hilo mwenyewe. Kisha akamgeukia Pini.

"Wiki hii nimefundisha habari hii madarasa yote ya juu. Jina lako sikulitaja," alisema. "Nimewaambia hivi. Simu ikikuuliza kama unakubali, soma unakubali nini, na ujiulize unakubali kwa niaba ya nani. Ya kwako ni yako, ukitaka unayatoa. Ya mwenzako umwombe kwanza mwenyewe. Wewe ulikosea hapo, lakini ulikuja ukasema kabla ya kukamatwa, na hilo pia nimewafundisha."

Pini alisema asante. Mwalimu bado alikuwa na kitambaa kwapani. Alizungusha macho dukani, akaziona suruali pana zilizotundikwa karibu na dirisha.

"Hizi bila shaka za yule dereva wa lori wa hapa mtaani," alisema. "Hivi kiuno chake kimefika ngapi sasa?"

Pini aliijua namba. Aliiandika juzi tu, nayo ilikuwa ya kuchekesha. Mguu wa mama ulisimama kwenye cherehani.

"Samahani, Mwalimu," Pini alisema. "Hiyo ni ya dereva."

Mwalimu mkuu alimtazama, kisha akakiweka kitambaa mezani. Mama alinyanyuka kwenda kuvuta pazia, lakini mwalimu akamwambia aliache. Alivua koti, akalitundika kwenye ule msumari, akasimama wima katikati ya duka na bega lake jinsi lilivyo.

Mama alizungusha futikamba, akabana kidole gumba kwenye namba, akamwonyesha Pini. Pini akasoma kimya, akaandika.