Kisiki cha Mzee Manus

Siku waliyokutana, Iestyn Prosser alikuwa amepanda basi lisilo lake.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili katika uwanja wa ndege wa Dublin. Mvua ilikuwa ya rasharasha, mabasi ya watalii yamebanana, madereva wakigombea nafasi na wageni wakiburuta masanduku kwenye madimbwi. Dervla McGinley alikuwa ameinama akikagua gurudumu la nyuma aliposikia sauti nene ya mwanamume ndani ya basi lake, tena kwenye kipaza sauti.

"Karibuni Ireland, warembo wangu! Naitwa Iestyn, natoka Wales, naomba msinichukie kwa hilo. Leo jioni bia, kesho bia, keshokutwa tutakwenda kuungama!"

Hakuna aliyecheka. Dervla akapanda ngazi mbio. Basi lilikuwa limejaa masista thelathini na wanane waliokuwa wakienda kuhiji Knock, na mkubwa wao ameshika rozari kama mtu anayetaka kumtandika mwingine nayo.

"Kaka," Dervla alisema, "wako ni wale kule wenye kofia za njano."

Iestyn aliiva uso mpaka masikioni. Alikuwa mrefu, nywele nyeusi tii, koti la sufu la kahawia na skafu nyekundu aliyofungiwa na mama yake, ilionekana wazi. "Na kuungama je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Anzia hapa hapa, mwanangu," alisema sista mkubwa, na basi zima likaangua kicheko.

Mlangoni akageuka kumtazama dereva. Alimwona mwanamke wa miaka thelathini hivi, koti la kijani la kazi, viatu vya kiume, nywele nyekundu zilizobanwa kwa penseli. "Dada dereva, unaitwa nani?"

"Ukilijua litakusaidia nini?"

"Nijue basi la kulikosea tena."

Mwezi Mei akalikosea kwa makusudi. Aliacha kazi ya kuongoza watalii kwa mwajiri wake, akaomba kwenye kampuni ya Dervla, nao wakawaweka pamoja kwenye ziara ya siku kumi ya nchi za Wakelti: kaskazini ya Ireland, kisha kwa feri hadi Uskoti, kisha kuteremka mpaka Wales. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia Juni hata wazee wa Kijerumani wa viti vya nyuma walikuwa wakibishana ni lini atamposa.

"Mabibi na mabwana," Iestyn alizoea kusema, "upande wa kushoto mna ngome ya miaka mia nane. Upande wa usukani mna kitu kizuri zaidi, ila hakiguswi."

"Endelea hivyo nikuteremshe kwenye matope," Dervla alijibu bila kugeuza shingo, na abiria wakapiga makofi.

Usimulizi ndio uliokuwa kazi ya Iestyn, na aliujua. Angeweza kuchukua jiwe lolote la barabarani akawafanya watu hamsini waliangalie kwa machozi. Dervla alimpenda kwa hilo. Yeye mwenyewe alitoka katika nyumba ambayo watu hawakuzungumza.

Sababu ya kimya hicho alimwambia Iestyn mjini Stirling, Uskoti, adhuhuri moja ya mvua, abiria wakiwa juu ngomeni na wao wawili wamekaa kwenye ngazi ya basi wakila mkate na jibini. Alimwambia habari za Eoghan. Kwao Donegal, katika malisho ya baba yake, palikuwa na mti wa miiba uliosimama peke yake, na kila mtu kule anajua kuwa mti wa namna hiyo ni wa Watu Wema, wale wanaoishi chini ya ardhi, na haukatwi. Mzee Manus, baba yake, aliukata siku ya Jumatatu ili trekta ipate kupita. Ijumaa trekta ikapinduka kwenye mteremko ule ule na kumuua Eoghan, kaka yake Dervla, akiwa na miaka kumi na tisa. Majirani wakasema ni Watu Wema. Mzee Manus hakusema lolote. Hakulitaja tena jina la mwanawe. Mama yake Dervla alikuwa akimwaga maziwa kwenye kisiki kila Ijumaa kuomba msamaha, mpaka alipokufa.

"Sijawahi kumwambia mtu," Dervla alisema.

Iestyn alilia, kweli kabisa, makombo ya mkate ndevuni. Na Dervla akajiona ametua mzigo wa miaka kumi na mmoja. Mwezi Agosti, jikoni kwa mama yake Iestyn, Dervla alivishwa pete. Harusi ikapangwa kuwa baada ya msimu unaofuata.

Majira ya kuchipua kampuni iliongeza basi la pili, na Iestyn akapangiwa hilo. Basi la Dervla likapewa mwongoza watalii mpya, Oonagh, binti mchangamfu ambaye Iestyn mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi wakati wa baridi.

"Nitakukosa, kipenzi," Iestyn alimwambia kwenye simu asubuhi ya kuondoka. "Nani atanitisha na matope?"

"Galway yote ni matope. Jihudumie."

Dervla alikuwa na furaha siku ile. Ofisi ilikuwa imebadilisha njia; mwaka huu basi lingepita bonde la kwao, mbele ya lango la baba yake. Alidhani wameipenda kwa ajili ya milima. Alimpigia mzee: "Baba, Jumatano saa tisa nitapita hapo. Nitakupigia honi." Na Mzee Manus, ambaye kwenye simu alizoea kusema ndiyo na hapana tu, alisema, "Nitatoka nje nikuone."

Zikiwa zimebaki kilomita kumi na mbili, Oonagh alichukua kipaza sauti. "Jamani, wekeni simu chini. Hii haimo vitabuni. Ni ya kweli, na imetokea bonde hili hili. Palikuwa na mkulima mmoja mbishi, kichwa kigumu kama kwato..."

Abiria wakacheka. Dervla naye alitabasamu, hakujua bado.

"...akasema, mimi na Watu Wema nani zaidi? Jumatatu akashika shoka."

Dervla akaitambua. Hadithi ilikuja yote, mteremko, trekta, Ijumaa. Kabla ya kusimulia kifo, Oonagh alinyamaza kidogo, akahesabu pumzi mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini. Dervla aliujua ukimya ule. Ulikuwa wa Iestyn. Kisha yakaja maziwa ya mama yake, na mwanamke mmoja kiti cha tatu akasema "Aaa!" kwa utamu, kama aliyeonja asali.

Kikulacho ki nguoni mwako. Barabara ilikuwa nyembamba, kuta za mawe pande zote, roho arobaini na sita mgongoni mwake. Hakuweza kusimama wala kujifuta machozi.

"Dada Dervla, pale langoni usimame kidogo," Oonagh alisema. "Dakika ishirini za picha."

Dervla alitaka kupitiliza. Lakini abiria walikuwa wamekwisha kukiona kisiki. "Kile pale! Kile pale!" Wakasimama wote kwenye ujia wa basi, na dereva ambaye abiria wake wamesimama hana budi kusimama.

Mzee Manus alikuwa langoni. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa kofia yake ya kanisani, mkono ameuinua nusu kumpungia binti yake. Wageni wakamiminika. Wengine walikwenda kufunga vitambaa vya karatasi kwenye kisiki, kuwaomba heri Watu Wema. Mwanamume mmoja mwenye kamera akamwuliza, "Mzee, ni wewe uliyeukata mti?" Mzee Manus alivua kofia, kwa kuwa alilelewa avue kofia mbele ya wageni, akasimama hivyo na nywele zake nyeupe kwenye upepo, akapigwa picha.

Dervla aliteremka mbio. Baba yake alimtazama, akalitazama basi.

"Ni wewe uliyewaleta, Dervla?"

Angemjibu nini? Usukani ulikuwa wake. Aliyeitoa siri nyumbani alikuwa yeye. Mzee Manus akavaa kofia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni ile, kwenye maegesho ya hoteli, alimpigia Iestyn.

"Kipenzi! Mmefika salama?"

"Nani alimwambia Oonagh habari za Eoghan?"

"Dervla, nisikilize..."

"Nimekwisha kusikiliza. Leo nimesikiliza kilomita kumi na mbili nzima."

"Niliisimulia mara moja tu. Septemba, mvua siku tatu, watu wamenuna, sina la kuwaambia. Ikanitoka. Walilia, Dervla, wote. Halafu kwenye mafunzo ofisi wakataka kila mmoja atoe hadithi yake bora..."

"Hadithi yako?"

"Sikutaja jina la mtu!"

"Umekitaja kilima. Umeyataja maziwa ya mama yangu."

"Niliisimulia kwa heshima, naapa."

"Kuna mtu leo amemwambia baba yangu atabasamu," Dervla alisema. Kisha akalia, na Iestyn upande wa pili akawa anarudia jina lake tu. Alimchukia, na bado sauti yake ilimtuliza, na hilo likamuudhi zaidi.

"Nitakuja nimwombe radhi mzee," Iestyn alisema mwishowe.

"Njoo. Ila usije kwa ajili yangu."

Alikuja Jumapili baada ya misa, kwa miguu kutoka njia panda, bila skafu, suruali imelowa magotini. Dervla alikuwa amechukua likizo. Siku mbili alizokaa pale baba yake alimpikia mayai, akamtilia chai, na hakumsemesha.

"Mzee McGinley," Iestyn alianza akiwa bado mlangoni, "nimekuja..."

"Kaa." Mzee Manus alimsogezea kiti karibu na jiko. "Nisimulie."

"Mzee?"

"Kama unavyowasimulia wao. Nataka kuisikia."

Iestyn alimtazama Dervla. Dervla hakumsaidia. Basi akaanza, mikono katikati ya magoti, "Palikuwa na mkulima mmoja...," akakwama. Akaanza tena. Sauti ile iliyoliza mabasi mazima ilikuwa kavu. Alifika kwenye mteremko, akasema kijana aliondoka akiimba, na hapo mzee akainua mkono.

"Hakuimba. Alisema, Baba, breki hazishiki."

Dervla aliweka birika chini.

"Breki zilikuwa mbovu tangu Krismasi," Mzee Manus alisema, akimwambia Iestyn na si binti yake, maana mgeni ni rahisi kumwambia. "Nilijua. Nikamwambia, nenda taratibu tu, tutazitengeneza wiki ijayo. Watu walipokuja kwenye mazishi wakasema ni mti, nikanyamaza. Mti hauwezi kujitetea."

"Baba," Dervla alisema. "Mama alikufa akikibembeleza kile kisiki."

"Najua."

"Miaka minane! Kwenye baridi! Na wewe unamtazama dirishani?"

"Nilimtazama. Kila Ijumaa nilisema leo nitamwambia." Mzee alimnyoshea Iestyn kidole. "Nimemkosea mama yako kuliko huyu alivyokukosea wewe. Kijana, mimi nimekusamehe. Nani mimi nisikusamehe?"

Iestyn alijifunika uso akalia, na Dervla akatoka nje kwa kuwa hewa ya jikoni ilikuwa imekwisha. Alihisi amesalitiwa na dunia nzima, na wanaume wawili aliowapenda ndio waliokuwa mstari wa mbele.

Iestyn alimfuata hadi uani. "Ofisi wameiondoa," alisema. "Niliwaandikia. Oonagh amelia siku nzima. Haitasimuliwa tena, Dervla, na hili la leo litakufa nami."

"Nakuamini."

"Basi?"

"Unanipenda?"

"Kuliko kitu chochote."

"Na Septemba ulinipenda?"

Iestyn alielewa, kwa maana alikuwa mtu mwerevu. "Ndiyo," alisema polepole.

"Basi mapenzi hayakukuzuia. Siku nikipata mimba ikaharibika, nitakuambia nini? Nikiwa nalia kitandani utanishika, na utakuwa unanipenda kweli, na mimi nitalala pale nawaza ni basi gani litakalosikia."

"Baba yako amekuficha miaka kumi na miwili. Yeye utamsamehe?"

"Sijui. Labda. Yeye alificha lililo lake. Wewe uligawa lisilo lako."

"Dervla, mpenzi wangu, tafadhali." Alitafuta maneno, yeye aliyekuwa nayo kwa kila jiwe la barabara, na hakuyapata. Dervla alivua pete, akamtia mkononi, akamkunja vidole juu yake. Kisha akambusu shavuni, kwa sababu alitaka, na akasimama hapo mpaka Iestyn alipotokomea nyuma ya kuta za mawe.

Alirudi jikoni. Baba yake hakuwa ameondoka kwenye kiti.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Kwa ajili yangu?"

"Hapana, Baba. Kwa ajili yangu."

"Humpendi tena?"

"Nampenda," Dervla alisema, na machozi yakaanza upya. "Ningekuwa simpendi, ningeweza kuolewa naye na nisimwambie kitu."