Foleni ya Damascène

Mwaka ule wa 2012, vita ikiwa imetapakaa Masisi yote, Viateur aliingia Kalembe jua likizama. Alikuwa mgongoni mwa pikipiki, amekumbatia mashine mpya iliyofungwa ndani ya blanketi. Alishuka, akajikung'uta vumbi, akaitazama depo. Mabati. Matope. Mbuzi mlangoni. Akasonya. Yeye, fundi wa seva kutoka Goma, kuletwa huku kama gunia la mihogo!

Kazi yenyewe aliiona ya kitoto. Kampuni ya malori ilikuwa na seva moja tu, hapo Kalembe. Seva ilipokea ujumbe wa ofisi zote, ikaupanga foleni, kisha ikautuma kwa satelaiti hadi kwenye kisanduku kilichofungwa ndani ya kila lori. Simu hazikushika mtandao kwenye njia ile. Dereva alitoka au alisimama kwa neno la kisanduku. Watu wenye bunduki walipoivamia depo, waliichoma seva na kumchukua Damascène, yule aliyekuwa akiwaandikia madereva. Mwili wake haukuonekana. Lakini Viateur alikuwa na sauvegarde, nakala ya kila kitu, aliyoichukua kwa satelaiti kutoka Goma kabla ya uvamizi. Angeirudisha kwenye mashine mpya, halafu kwaheri Kalembe.

Tena alikuwa na haraka yake mwenyewe. Mdogo wake Jules, aliyeajiriwa udereva juma lile lile baada ya uvamizi, bila kuambiwa habari za Damascène, alikuwa amepeleka maharagwe Pinga kwa msafara. Sasa amebaki huko peke yake na lori, na njia ya kurudi ilikuwa inakula watu. "Usitoke Pinga mpaka nikuandikie," Viateur alikuwa amemwonya kabla hajaondoka.

Léontine, mkuu wa depo, alimpokea kwa sauti ya chini.

"Papa Viateur, kilio ya Damascène haiyaisha. Hatuyamuzika. Kwetu, mutu asipozikwa, vitu vyake vya kazi havifunguliwake. Na akiita, hatuitikake. Kesho wazee watamaliza, hata bila mwili. Ungoje kesho tu."

Viateur alicheka puani.

"Mama, hii ni mashine. Haina mizimu. Iko na disque na courant ya umeme, njo basi. Mambo ya msituni muyaache msituni."

Léontine akamfuata ndani. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Viateur lilikuwa limezibwa kwa diploma.

Haya. Kila fundi wa kazi hiyo anajua: kabla ya kurudisha foleni ya zamani, unafunga kwanza mlango wa kutokea, ujumbe wa kale usije ukatoka tena ukawapotosha walio njiani. Viateur hakufunga. Ajisumbue kwa nini? Siku alipochukua nakala, foleni ilikuwa tupu. Aliiona kwa macho yake mawili. Na alitaka kumwonyesha huyu mama jinsi watu waliosoma wanavyofanya kazi upesi.

Jenereta ilinguruma. Nakala ikarudi yote. Kwenye kioo cha mashine: foleni tupu.

"Umeona?" alisema kwa kejeli. "Mizimu yako iko wapi?"

Bip.

Ujumbe mmoja ndani ya foleni.

Viateur akakunja uso. Hewa ya chumba ilikuwa imebadilika… harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa, unaochimbwa na jembe. Aliinama kwenye kioo akasoma.

"Kwa Jules. Njia iko muzuri. Toka sasa. Niko kwa barrière ya barabara, nakungoya. Damascène."

Bip. Ukaenda.

Jules? Siku nakala ilipochukuliwa, Jules alikuwa akiuza petroli Kirotshe. Jina lake halikuwamo popote ndani ya mashine ile! Viateur alitafuta maelezo haraka haraka. Majambazi! Ndiyo, walimteka Damascène, wakamtoa neno la siri, sasa wanaingia kwa jina lake. Wezi tu, washenzi tu. Mikono yake haikuyaamini maneno hayo; ilikuwa tayari kwenye vitufe.

Akaandika: "JULES USITOKE."

Ujumbe ukakaa kwenye foleni. Mbele yake ukaingia mwingine. Na mwingine. Na mwingine… jumbe za Damascène, zote za kumwita Jules aje. Kuya. Kuya. Kuya. Wa Viateur ukasukumwa nyuma, nyuma kabisa.

"Pita!" alipiga kelele. "Pita, mbwa wewe!"

"Usimutukane," Léontine alinong'ona. "Anasikia."

Bip. Jibu kutoka kwa lori.

"Nimetoka. Asante papa."

Wakangoja. Mbuzi nje alikuwa amenyamaza. Viateur alitamani kuchomoa waya, lakini angeuchomoa, neno lake lisingefika kamwe. Basi akabaki ameushika mkononi, jasho likimtiririka, yeye asiyeogopa kitu.

Bip.

"Kaka, nimemukuta kwa barrière. Amepanda. Iko baridi sana. Anauliza jina ya mama ya kwetu. Nimupe?"

Vidole vya Viateur vikakimbilia vitufe. Léontine akamkamata kiganja.

"Usiitike!"

"Ni mudogo wangu!"

"Unajua aje kama njo yeye anaandika?"

Hakujua. Mungu wangu, hakujua. Kama Jules alikuwa hai, alikuwa anaomba msaada. Kama hakuwa… Vidole vilibaki hewani. Kisha ujumbe ukaja tena, uleule. "Nimupe?"

Na tena. "Kaka?"

Viateur hakujibu. Baadaye ujumbe ukakoma wenyewe, na ile harufu ikaondoka.

Asubuhi lori lilikutwa katikati ya barabara, karibu na Pinga. Milango imefungwa kwa ndani. Hakuna damu, hakuna risasi, hakuna Jules. Askari walisema ni majambazi. Viateur alikubali haraka, akawashukuru kwa heshima asiyokuwa nayo jana yake.

Siku chache baadaye alishuka Kirotshe kumwona mama yao. Mama hakulia. Alimshika mkono tu, akauliza:

"Jules alisema nini mara ya mwisho?"

"Hakusema kitu, Mama."

Mama akauachia mkono wake.

"Basi nani ananiitaka kwa jina langu, kila jua likizama, pale inje?"